Somo Hujipaka Kwanza

Harusi ya Salsabil ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili, na jiwe la Bi Alawiya bado lilikuwa nyumbani kwake Shika Adabu, chini ya meza ya cherehani, limefunikwa leso. Hilo ndilo lililomkera.

Kwa asiyejua, jiwe hilo ni la kusagia liwa, ule mti wa manukato. Ni bapa, zito, kubwa kama sinia ya watu wawili, limelika katikati kwa miaka ya kusuguliwa vijiti vya liwa na marashi. Na somo, yaani yule mama anayemtengeneza bibi harusi na kumfunda, halibebi jiwe lake mwenyewe. Mamake bibi harusi huja kulichukua. Hulitia kichwani mchana kweupe, akapita nalo mtaani, na kila mwenye macho akajua ni nani aliyechaguliwa. Kwa miaka thelathini na minane jiwe la Bi Alawiya limetembea Likoni juu ya vichwa vya mama za watu. Basma, mamake Salsabil, yeye mwenyewe alisingwa, yaani alisuguliwa singo ya manukato, kwa jiwe hilo alipoolewa. Aliahidi kuja Jumapili. Jumapili ikapita, na Jumatatu akatuma ujumbe wa simu kwamba ana mafua.

"Mafua!" Bi Alawiya akaliambia jiwe. "Toka lini mafua yakamzuia mtu kubeba kitu kichwani?"

Singo huanza siku saba kabla ya harusi. Kwa hivyo Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ikipita bila Basma kutokea, mtaa mzima ungejua kwamba Bi Alawiya ameachwa. Na somo akiachwa mara moja, mama wa pili huuliza sababu, wa tatu haulizi tena.

Sababu ilimfikia Jumanne, na ilikuja na tuktuk. Alishuka Cheryl, yule msichana wa kutoka Kitale anayekanda watu katika spa ya Hoteli ya Kilua kule Shelly Beach, na nyuma yake akashuka mama wa Kijerumani, mtu wa makamo, mikono ameikunja kifuani kana kwamba ana baridi.

"Shikamoo, mama," Cheryl akasema. "Huyu ni mgeni wetu, anaitwa Renate. Tafadhali usinigombeze kabla hujamwona."

"Marahaba. Nikugombeze kwa lipi? Ingieni."

Renate akaikunjua mikono. Kutoka kiwikoni mpaka begani ilikuwa imewiva, ina vipele, na mahali pengine ngozi imeambuka. Cheryl naye akanyosha viganja vyake bila kuambiwa. Vilikuwa vimebabuka, vidole vimepasukapasuka kwenye viungo. Halafu akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake mna unga wa manjano.

"Hii ndiyo tunapakia watu," akasema. "Kwenye chupa imeandikwa Singo ya Bi Alawiya."

Bi Alawiya akaunusa. Akaunusa tena, maana hasira ilikuwa imemziba pua. Hamkuwa na liwa humo. Hamkuwa na waridi, wala karafuu, wala asumini, wala rihani. Mlikuwa na unga wa ngano, rangi ya biriani, na harufu kali ya kitu cha kusafishia sakafu.

"Huu umetoka wapi?"

"Kwa gunia. Hashim alituambia ni ile yako tu, umeanza kuisaga kwa mashine. Wiki ya kwanza nikaamini. Ya pili nikajua, lakini job ni job, mama, kuna watu home wananitegemea." Akainamisha kichwa. "Leo nimeshindwa."

Renate, ambaye amekuja Mombasa mara nyingi na ana Kiswahili chake cha kuungaunga, akasema, "Mwaka jana, Cheryl alinipaka, nililala vizuri sana. Mwaka huu nakuna usiku mzima."

"Pole, mama. Nenda hospitali, tena leo," Bi Alawiya akamwambia. "Mimi ni somo, si daktari. Nisikudanganye na mimi."

Hashim! Laiti angekuwa mtu baki. Lakini Hashim ni mtoto wa marehemu kakake, mkuu wa hiyo spa, amesomea mambo ya utalii, na mwaka juzi ndiye aliyekuja na sahani ya halua akapiga magoti kwa shangazi yake kuomba singo iingie hotelini. Wageni wamechoka na mambo ya bandia, alisema. Wanataka kitu cha asili, kitu cha kweli. Bi Alawiya alifikiri siku tatu, kisha akamjibu. Singo mtapata, alimwambia, manukato hayana kabila, kila mwenye pua ana haki nayo. Lakini maneno anayoambiwa bibi harusi nyuma ya pazia hayatoki. Na singo itasagwa na mimi, au na mtu niliyemfundisha mimi.

"Inshallah, shangazi," Hashim alisema, na shangazi akasahau kwamba kuna watu inshallah yao ni namna ya kukataa kwa adabu.

Ndipo alipoletwa Cheryl. Miezi mitatu alikaa chini sakafuni akisugua liwa mpaka ngozi ya vidole ikamtoka, hajui hata maua ya mkadi wala kilua, akiuliza kila kitu mara mbili. Wapo majirani waliocheka: mbara gani huyu wa kusaga singo? Bi Alawiya aliwajibu kwamba liwa haina haja ya kujua kabila la mkono unaoisaga. Mwisho Cheryl alikuwa na mkono mwepesi kuliko mabinti wengi wa mjini, ambao siku hizi wanajua kununua tu.

Miezi mitano mambo yalikwenda sawa. Kisha Hashim akaacha kuagiza. Wageni wamepungua, alisema. Lakini lile bango lenye picha ya Bi Alawiya langoni mwa hoteli halikuondolewa, naye hakuuliza. Ukweli ni kwamba alilipenda. Pichani alikuwa amevaa mtandio wake wa hariri, ametoka vizuri, na kila akipita na tuktuk hugeuza shingo kujitazama. Hapo ndipo alipokosea, na hakujificha nyuma ya mtu. Alitoa jina lake likakae mahali ambapo yeye hayupo.

"Sasa nayajua mafua ya Basma," akasema.

Cheryl akakubali kwa kichwa. Tangu wiki iliyopita ujumbe wa sauti ulikuwa unazunguka kwenye simu za akina mama: singo ya Bi Alawiya imembabua mzungu, wenye mabinti mjihadhari.

* * *

Alhamisi Hashim alikuja, na halua tena. Huyu mtoto alidhani kila jambo lina halua yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Iweke hapo, sitaila."

Akaketi, akacheka kidogo, akaanza kueleza. Liwa imekuwa ghali na haipatikani. Kusaga kwa mkono kunachukua siku nzima kwa bakuli moja. Huyo Renate ana ngozi ya shida tu. Na zaidi ya yote, Jumamosi wanakuja mawakala wa safari kutoka Ulaya, watu wa kuleta wageni kwa mamia, kuitazama spa. Kutakuwa na Siku ya Bibi Harusi wa Kiswahili. Emmaculate wa mapokezi atavishwa dhahabu na kuwa bibi harusi.

"Wewe utakaa tu kwenye kiti, shangazi, utabasamu. Wageni hawajui tofauti. Wanachotaka ni hadithi."

"Yule mama ngozi yake iliijua tofauti."

"Shangazi."

"Nini? Hadithi ndiyo iliyomwambua? Mtu ametoka kwao amechoka, amekuja kukupa mwili wake uutulize, wewe wamtia sabuni ya sakafu kisha wamwambia hii ni siri ya bibi zetu. Bibi yako alikukosea nini?"

Hashim akaacha kucheka. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya ofisini. "Chupa zote zina jina lako. Ukikaa na sisi, jina hilo litauzwa mpaka uwanja wa ndege. Ukitupinga, mimi nitasema kweli kwamba singo ni ya Bi Alawiya, na kama kuna aliyeumia, aulizwe yeye. Nani atakuamini, shangazi? Picha yako iko langoni."

Kikulacho ki nguoni mwako. Bi Alawiya alilisikia neno hilo tangu utotoni, na siku hiyo ndiyo lilimng'ata. Aliumia, wallahi aliumia, kwa sababu mikono ile ile aliyoitazama ilipokuwa ikijifunza kushika kijiko sasa ilikuwa imelishika jina lake kooni. Lakini hakulia mbele yake. Alilitazama jiwe chini ya meza.

"Nitakuja Jumamosi," akasema.

Hashim akafurahi, akambusu mkono. Mtu aliyezoea kusema inshallah bila kukusudia hudhani kila mtu husema nitakuja namna hiyo hiyo.

Jioni hiyo Bi Alawiya alijifunga buibui akaenda kwa Basma mwenyewe. Basma alipomwona mlangoni akatafuta leso ya kupengea, kisha akaona haya akaiweka.

"Sikuja kukulaumu," Bi Alawiya akasema. "Salsabil ni mwanao, na uso wake ni mmoja. Ningekuwa wewe na mimi ningeshikwa na mafua. Nataka jambo moja tu. Jumamosi alasiri njoo Hoteli ya Kilua. Usiniamini kwa maneno. Njoo uone, kisha uamue."

Basma alimtazama sana. "Nitakuja, somo," akasema. Halafu kwa sauti ya chini, "Lakini jiwe sikuahidi."

"Jiwe sijakuomba."

* * *

Jumamosi Bi Alawiya alilibeba jiwe lake mwenyewe.

Angeweza kupanda tuktuk. Alikataa. Alijitia ngata kichwani, akalipandisha, akatoka Shika Adabu kwa miguu mpaka Shelly Beach, umri wa miaka sitini na mbili, magoti yakilalamika njia nzima. Wanawake waliokuwa wakipeta mchele barazani waliacha kupeta. Muuza mahamri alimeza swali lake. Kila mtu alijua maana ya somo kubeba jiwe lake: hakuna aliyelifuata. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, naye akaiacha ipande. Nioneni, alisema moyoni. Nioneni vizuri, mje mhadithie na mwisho wake.

Langoni alikutana na uso wake mwenyewe, mkubwa kama mlango, unamchekea. Akaupita bila salamu.

Bustani ya hoteli ilikuwa imepangwa viti vyeupe. Wageni kama thelathini walikuwa wameketi, na Renate mstari wa nyuma, mikono imefungwa bendeji. Basma alikuwa amesimama pembeni karibu na mnazi, buibui ameikaza. Emmaculate alikaa jukwaani amerembwa dhahabu ya plastiki, jasho linamtiririka, maskini, hajui hata akae vipi, maana kwao Machakos hakuna aliyewahi kumwambia kwamba bibi harusi wa Kiswahili huinamisha macho. Mbele yake kulikuwa na meza, na juu ya meza chupa arubaini za manjano.

Hashim alikuwa anasema kwa Kiingereza. Bi Alawiya hakukisoma, lakini maneno kama sultani na harimu ya wake zake hayahitaji mkalimani. Alipomwona shangazi yake akatanua mikono, akamwelekeza kwenye kiti chenye maua. Bi Alawiya hakukaa. Aliliweka jiwe mezani katikati ya chupa, tatu zikaanguka.

"Salaam aleikum," akasema. "Hayo aliyowaambia ni urongo."

Hashim akatabasamu akawageukia wageni, akasema maneno machache ya Kiingereza. Wageni wakapiga makofi.

"Sivyo alivyosema mama!" Ilikuwa sauti ya Cheryl, pale mlangoni pa spa, amevaa sare. Akaja mpaka jukwaani. "Amewaambia bibi amewakaribisha. Mama, sema tena. Mimi nitawaambia kama ulivyosema."

"Cheryl," Hashim akasema polepole, "fikiria kazi yako."

"Nimeifikiria wiki nzima," Cheryl akajibu, akainua viganja vyake vilivyobabuka wageni wote wavione.

Basi Bi Alawiya akasema, na Cheryl akawa anafasiri, neno kwa neno, hata lile la sabuni ya sakafu.

"Mimi sina siri ya sultani, na chupa hizi zina unga wa ngano na sabuni ya sakafu. Singo nimefundishwa na marehemu Bi Mwanamkuu, mke wa fundi seremala, hapa hapa Likoni. Hakuna mtu wa harimu aliyepita nyumbani kwao. Mwavipenda vitu vya kweli, ndivyo nilivyoambiwa. Mimi nitawaambia cha kweli ni kipi. Si huyu binti mliyemvisha plastiki, msameheni. Wala si mimi kwa sababu nimezeeka na nimezaliwa pwani. Huyu anayesema nanyi ametoka Kitale, na singo yake ni ya kweli kuliko ya mwanangu huyu aliyezaliwa nyuma ya msikiti."

Akashusha pumzi. Hakukuwa na makofi sasa.

"Bi Mwanamkuu alinipa sharti moja. Somo hujipaka kwanza. Ile singo ataipaka kwenye shavu lake mwenyewe, la kushoto, mbele ya mamake bibi harusi. Kisha hunywa kahawa wote, buli zima, wakingoja. Buli likiisha na shavu la somo liko salama, ndipo bibi harusi huguswa. Hiyo ndiyo singo. Liwa waweza kuikosa, waridi waweza kulikosa. Lakini anayekupaka akiwa hakujipaka kwanza, hiyo si singo, na mwili wako hautatulia, kwa sababu mwili hautulizwi kwa urongo."

Akachukua chupa moja, akaifungua, akamnyoshea mpwa wake.

"Hashim, mwanangu. Kiti kile kaa wewe. Jipake shavu. Kahawa waniletee, tungoje sote."

Hashim akacheka. "Shangazi, haya ni mambo ya wanawake."

"Basi mkono."

"Shangazi, si mahali pake hapa."

"Mahali pake ni wapi? Wa kupakwa ni wageni peke yao? Mkono, Hashim. Kidole kimoja tu."

Na hapo Hashim, mtu mzima, mkuu wa watu kumi na wawili, akaiweka mikono yake nyuma.

Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Viti vikaanza kulia. Mmoja wa mawakala akaichukua chupa, akaigeuza, akasoma maandishi yake, akaiweka mbali kidogo na yeye. Renate akasimama pale nyuma, akaanza kufungua bendeji yake bila haraka, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka mkono wote ukaonekana.

Bi Alawiya akatoa kwenye mkoba kijiti chake cha liwa na kichupa cha marashi. Akamimina kidogo kwenye jiwe, akasugua. Harufu ikatoka, ile harufu tulivu inayojua kwenda bila kusukumwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akaichota kwa kidole, akajipaka shavu la kushoto. Kisha akakaa kwenye kile kiti chenye maua, akakunja mikono.

"Kahawa," akasema.

Iliyoletwa ilikuwa ya hoteli, maji matupu, lakini aliinywa. Basma akatoka kwenye mnazi, akajimiminia kikombe, akakaa kando yake. Wageni wengine waliondoka, wengine wakabaki, wameketi kama watu walioingia nyumbani kwa mtu na sasa ndio wameona wako wapi. Emmaculate akazivua bangili zake moja moja akaziweka mezani. Hashim akasogea karibu na kiti cha shangazi yake.

"Umetuharibia riziki, shangazi," akamwambia kwa sauti ya chini. "Mchuzi wetu sote umeumwaga. Na wewe Cheryl, kesho usije."

"Kesho atakuja kwangu," Bi Alawiya akajibu. "Na wewe ukitaka kujifunza kusaga, mlango waujua. Usije na halua."

Buli likaisha. Basma akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga, akalitazama shavu lile kwa makini, akalipapasa kwa kidole gumba. Lilikuwa shavu la mama wa miaka sitini na mbili, lina mikunjo yake, na halikuwa na kipele hata kimoja.

Bi Alawiya akasimama. Cheryl akainama alichukue jiwe, maana aliyaona magoti ya mwalimu wake.

"Wacha, mwanangu," Basma akasema. "Hilo si lako. Lako siku itafika."

Akavua mtandio wa juu, akausokota ngata, akajitia kichwani. Cheryl na Emmaculate wakamsaidia kulipandisha. Mlinzi akawaonyesha mlango wa nyuma wanaopitia wafanyakazi, Basma hakumtazama. Akapita katikati ya viti, akatokea lango kubwa la mbele, lile lenye bango, jiwe limemkaa sawasawa kichwani, akashika njia ya Shika Adabu, kupitia palipokuwa na watu wengi zaidi. Nyuma yake alifuata Bi Alawiya, mikono mitupu, kama inavyompasa somo.